Dawa Isiyomngoja Mgonjwa

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Mwanza

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu. Wenzangu mliotoka Ukerewe, Sengerema, Magu, Kwimba, Misungwi na hapa mjini, karibuni sana. Najua wengine mmeondoka nyumbani kungali giza ili muwahi meli ya Nansio, kwa hiyo utangulizi wangu utakuwa mfupi.

Mimi ni mwanafizikia wa tiba. Daktari ndiye anayeamua mgonjwa apewe tiba gani. Mimi na wenzangu tunapima mionzi, tunakokotoa kiasi, na tunahakikisha imefika palipokusudiwa na haikumfikia asiyehusika. Nimeombwa nizungumzie isotopu za mionzi na kazi zake hospitalini. Nitaanzia pale ambapo nyinyi mnakutana na jambo hili, maana nyinyi hamkutani na isotopu, mnakutana na malalamiko. Mgonjwa mmempa barua ya rufaa, amekopa nauli, amesafiri, amefika siku moja baada ya miadi. Anaambiwa dawa yake imeisha nguvu, arudi baada ya wiki kadhaa. Anarudi kijijini akisema amezungushwa, na jirani yake aliyekuwa aende mwezi ujao anaahirisha.

Mgonjwa huyo ameambiwa ukweli, ila hakuna aliyemweleza. Nataka leo tuelewane kuhusu huo ukweli, kwa sababu katika tiba hii saa ni sehemu ya dawa.

Dawa tulizozizoea zinasubiri. Kidonge cha malaria kikikaa kabatini mwaka mzima bado ni kidonge cha malaria. Isotopu haikai. Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na atomu nyingi zimetulia. Ziko nyingine, ndizo isotopu za mionzi, ambazo kiini chake hakijatulia, na katika kutulia kinatoa nishati, ndiyo hiyo mionzi. Kikishaitoa, atomu imegeuka kuwa kitu kingine. Huwezi kuizuia kwa jokofu, wala kuichelewesha kwa kuifungia vizuri. Kila isotopu ina muda wake wa kupungua nusu, na muda huo haubadiliki, iwe Mwanza au Ulaya.

Chukueni teknisiamu-99m, ambayo ndiyo inayotumika katika vipimo karibu 8 kati ya 10 vya tiba ya nyuklia duniani. Muda wake ni saa 6. Ikiandaliwa saa 2 asubuhi, saa 8 mchana imebaki nusu. Saa 2 usiku imebaki robo. Kesho yake saa 2 asubuhi imebaki sehemu moja ya kumi na sita, na kwa kiasi hicho hupati picha ya kusomeka. Mgonjwa aliyekuja kesho yake hajanyimwa kitu kilichopo. Kilichokuwa chake hakipo tena.

Ufupi huo ndio tunaoupenda. Tunataka kitu kinachokaa mwilini muda wa kutosha kupiga picha, kisha kiondoke. Lakini sasa kinachoisha kwa siku moja kitasafirishwaje kutoka kiwandani hadi hospitali iliyo mbali? Hapa watu walitumia akili. Hawasafirishi teknisiamu, wanasafirisha mzazi wake, molibdenamu-99, ambaye hupungua nusu kwa saa 66. Anakuja ndani ya kopo zito la madini ya risasi, akiwa ameshikamana na unga wa alumina ndani ya bomba dogo la kioo. Molibdenamu inapogeuka, inazaa teknisiamu, na teknisiamu haishikamani na unga ule kwa nguvu. Asubuhi mtaalamu anaweka upande mmoja kichupa cha maji ya chumvi, kama yale ya dripu, na upande wa pili kichupa kisicho na hewa. Kichupa kitupu kinavuta, maji yanapita kwenye bomba, yanatoka na teknisiamu, molibdenamu inabaki. Sisi tunaita kukamua, na kopo lenyewe kwa kweli ni kama ng'ombe: umemkamua leo asubuhi, unamwacha ajaze, kesho unakamua tena. Ila kila siku maziwa yanapungua, na baada ya wiki moja au mbili kopo hilo halifai tena, inabidi lije jingine.

Na linatoka mbali. Vinu vya nyuklia vinavyotengeneza molibdenamu hii kwa wingi vinahesabika: kuna vya Ubelgiji, Uholanzi, Polandi, Australia, na kimoja kiko barani kwetu, SAFARI-1 cha Pelindaba karibu na Pretoria, kilichowashwa mwaka 1965. Mei 2009 kinu cha Chalk River nchini Kanada kilizimwa kwa sababu ya uvujaji, na hakikurudi kazini hadi Agosti 2010. Katikati ya kipindi hicho kile cha Uholanzi nacho kikasimama kwa matengenezo. Hospitali tajiri kabisa duniani ziliahirisha vipimo vya wagonjwa wa moyo na wa saratani. Aprili 2010 volkano ya Aisilandi ikarusha majivu, ndege za Ulaya hazikuruka, na makopo yakazeeka uwanjani. Nawaeleza haya ili mjue kwamba mgonjwa wenu anapopewa tarehe, nyuma ya tarehe hiyo kuna kinu, kiwanda, ndege, gari na watu wanaokimbizana na saa.

Kipimo chenyewe kinaonyesha nini? Eksirei inaonyesha umbo. Isotopu inaonyesha kazi. Mwaka 1923 George de Hevesy alitumia risasi yenye mionzi kufuatilia jinsi mmea wa maharage unavyoifyonza na kuisambaza, na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943 kwa njia hiyo ya kufuatilia. Sisi tunafuata njia ile ile. Tunaambatanisha teknisiamu na kemikali ambayo kiungo fulani kinaipenda, tunachoma sindano, na kamera ya gama inapokea mionzi inayotoka mwilini. Kamera yenyewe haitoi mionzi yoyote. Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, au mama mwenye saratani ya titi, akilalamika mgongo, tunampa dawa inayokwenda kwenye mifupa. Anasubiri saa 2 au 3, anakunywa maji mengi, anakojoa, kisha anapigwa picha ya mwili mzima. Mfupa ulioshambuliwa unang'aa, mara nyingi kabla eksirei haijaona kitu.

Wenzangu wa Kwimba na Misungwi, nyinyi mnaoishi na majaruba ya mpunga na madimbwi, kichocho cha mkojo mnakijua. Mtoto anakojoa damu, watu wanasema ni ukubwa unakuja. Miaka inapita, mayai ya minyoo yanatia makovu kwenye kibofu na kwenye mirija inayoleta mkojo, mkojo unarudi nyuma, figo inavimba. Ultrasaundi itaonyesha kwamba figo imevimba. Lakini daktari wa upasuaji anataka kujua figo hiyo bado inafanya kazi kiasi gani, kama inafaa kuokolewa au imeshakufa. Kipimo cha isotopu kinamjibu: figo ya kulia inachuja kiasi hiki, ya kushoto kiasi hiki, mkojo unakwama hapa. Kwangu mimi hicho ni kimoja kati ya vipimo vyenye heshima kubwa, kwa sababu kinaweza kumwokolea kijana figo ambayo ingeondolewa bure.

Sasa nije kwenye iodini, maana hapa ndipo kazi yenu ilipo kubwa zaidi.

Tezi la shingo linahitaji madini joto, yaani iodini. Ndiyo maana tunasisitiza chumvi yenye madini joto, ili kuzuia rovu. Tezi halitofautishi iodini ya kawaida na iodini yenye mionzi, linafyonza zote. Mwaka 1941, huko Boston nchini Marekani, daktari Saul Hertz alimpa mgonjwa wa kwanza iodini yenye mionzi ili kutibu tezi lililokuwa linafanya kazi kupita kiasi. Mgonjwa wa namna hiyo mnamjua: anakonda ingawa anakula, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, macho yametoka, na wengine wanasema amerogwa. Leo tunatumia iodini-131. Mgonjwa anameza kidonge au maji kidogo, hakuna kisu. Iodini inakwenda yenyewe hadi kwenye tezi, na mionzi yake mingi inaishia milimita chache tu kutoka ilipo. Kwa saratani ya tezi, baada ya upasuaji, hutolewa kiasi kikubwa zaidi ili kuua mabaki, na mgonjwa analazwa peke yake kwa siku chache.

Kabla ya dawa, mgonjwa wa saratani ya tezi huambiwa kwa wiki moja au mbili apunguze madini joto, ili tezi liwe na njaa nayo. Chumvi yenye madini joto inawekwa kando kwa muda huo, pamoja na samaki wa baharini. Sato wetu na samaki wengine wa maji baridi hawana madini joto mengi kama wa baharini, hivyo asiache kula kwa hofu, aulize tu hospitali. Nasisitiza, ni kwa muda huo peke yake. Nisije nikasikia kijiji kimetangaziwa kuacha chumvi ya madini joto kwa sababu ya hotuba hii.

Mwanamke aulizwe kuhusu ujauzito, apimwe pia, hata kama anasema hana. Iodini hii inapita hadi kwa mtoto tumboni na inaweza kuliharibu tezi lake. Anayenyonyesha inabidi aache mapema, na asirudi kumnyonyesha mtoto huyo. Baada ya dawa, asubiri angalau miezi 6 kabla ya kubeba mimba. Mambo haya mama hawezi kuyapokea kwa mara ya kwanza akiwa tayari amefika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na mtoto mgongoni. Yaanzie kwenu, nyumbani kwake, wakati bado ana nafasi ya kupanga.

Na mpangilio wa nyumba nao. Karatasi ya maelekezo inasema: lala chumba chako mwenyewe. Imeandikwa kana kwamba kila mtu ana vyumba vitatu. Mimi nimekwenda kwenye chumba cha kupanga Mabatini, kitanda kimoja, pazia, upande wa pili jiko la mkaa na watoto wawili. Nimekwenda kwenye kambi ya dagaa, watu sita kwenye kibanda cha mabati. Hapo karatasi haisaidii, anasaidia mhudumu anayekaa na familia na kupanga nao kabla ya safari. Mtoto mdogo aende kwa bibi kwa siku zitakazotajwa na hospitali. Godoro liwekwe mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, kwa sababu ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inayokufikia inabaki robo. Mwenye mimba asikae karibu naye muda mrefu. Awe na sahani na kikombe chake kwa siku hizo, maana iodini inatoka na mate, na kwa wingi zaidi na mkojo. Chooni achuchumae au akae, mwanamume naye vilevile, amwage maji ya kutosha na anawe mikono kwa sabuni. Choo cha shimo si tatizo, kilichoingia huko kitaisha chenyewe. Nguo na mashuka yafuliwe peke yake.

Iodini-131 inapungua nusu kwa siku 8, na mwili unaitoa haraka zaidi ya hapo. Baada ya siku 80 hata ile iliyobaki bila kutoka ingekuwa imepungua hadi kama sehemu moja ya elfu. Hayo ni masharti ya siku chache, si ya maisha.

Linalonisumbua zaidi ni basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na kiti cha basi kinamkalisha mgonjwa bega kwa bega na mwenzake mchana kutwa, huenda ni mama mwenye mimba. Mwambieni mgonjwa, kabla hajaondoka hospitalini aulize wazi: nasafiri kwa basi hadi Mwanza, nisubiri siku ngapi? Akiulizwa anapoishi asijibu "hapa hapa kwa ndugu" ili aruhusiwe mapema. Anaposema ukweli, wanaweza kumpangia.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Mgonjwa wa iodini amebeba mionzi ndani yake kwa muda. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine ya kobalti, au kwa mashine ya umeme inayotengeneza eksirei zenye nguvu, habebi kitu. Kobalti-60 iko ndani ya kichwa cha mashine, imezungukwa na risasi. Dirisha linafunguliwa kwa dakika chache, mionzi inapita, dirisha linafungwa. Akishuka kitandani hana mionzi hata chembe. Anaweza kubeba mjukuu, kupika, kulala na mume wake kama daktari hajamzuia kwa sababu ya vidonda.

Nilimtembelea mama mmoja aliyemaliza tiba ya saratani ya mlango wa kizazi. Wakwe zake walikuwa wamemtengea sahani, bakuli na ndoo ya maji, vyote vimefungwa kitambaa chekundu ili watoto wavijue. Walifanya kwa hofu, si kwa chuki, na yeye mwenyewe aliamini wanamlinda mjukuu. Aliishi hivyo miezi mingi, akila peke yake nyuma ya nyumba, huku hatari haikuwepo kabisa. Tulikaa na mkwewe, tukaeleza, kitambaa kikafunguliwa siku ile ile. Kazi iliyomtoa mama yule kwenye upweke ilikuwa maongezi ya nusu saa. Ningependa maongezi hayo yafanyike kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, na anayeweza kuyafanya ni wewe uliyeketi hapa.

Saratani hiyo ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe chanjo, hilo mnalijua na mnalifanya vizuri. Kwa mama ambaye tayari anaumwa, tiba ya mionzi inaweza kumponya, hata uvimbe ukiwa umeshaenea kiasi, mradi ikamilike. Ni siku 5 kwa wiki, kwa karibu wiki 5, kisha mionzi ya ndani, ambapo chembe ya iridiamu-192 inaingizwa kupitia kifaa hadi karibu na uvimbe, inakaa dakika kadhaa, inatolewa. Yote kwa jumla yasizidi wiki 8. Uvimbe unapopata mapumziko, seli za saratani zilizobaki zinazaliana, na kila siku inayozidi inapunguza nafasi ya kupona. Ndiyo maana mama akiomba ruhusa ya kwenda kwenye msiba kisiwani Ukara na kukaa matanga wiki nzima, sisi tunaumia moyoni. Hatumzuii kuzika. Tunajua hesabu ya siku.

Vyanzo vyenyewe vinazeeka pia. Iridiamu inapungua nusu kwa siku 74, hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Kobalti inapungua nusu kwa miaka 5 na miezi 3, karibu asilimia 1 kila mwezi. Mwanafizikia anakokotoa upya, na mgonjwa aliyetibiwa dakika 2 mashine ikiwa mpya atahitaji dakika 4 baada ya miaka hiyo ili apate kipimo kile kile. Foleni inayokua kwenye mashine ya zamani mara nyingine sababu yake ni hiyo.

Kobalti ilianza kutibu watu nchini Kanada mwaka 1951 na imeokoa watu wengi sana tangu hapo. Lakini chanzo cha mionzi kikiachwa bila mlinzi kinaua. Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya zamani ya tiba, wakaiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani yake kulikuwa na unga wa sesiamu-137, isotopu nyingine ya mionzi, uliong'aa buluu gizani. Watu wakauona mzuri, wakagawana, wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa wameingiwa au wamepakwa na mionzi. Waambieni vijana wetu wanaokusanya vyuma chakavu: wakikuta kopo zito kupita ukubwa wake, au alama ya mabawa matatu kwenye rangi ya manjano, wasilivunje, wasilipeleke nyumbani. Wasogee mbali, watoe taarifa kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania au polisi.

Na kuogopa mionzi yote pia si sawa. Miili yetu ina potasiamu, na sehemu ndogo yake ni ya mionzi. Ndani ya mtu mzima atomu zaidi ya 4,000 za potasiamu hiyo hugeuka kila sekunde, na hata ndizi za Bukoba zinayo. Swali la maana ni kiasi gani, iko wapi, kwa muda gani, na nani anaipima.

Ninayowaomba ni machache. Kwenye rufaa andikeni namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya mtu anayekaa naye, kwa sababu kopo likichelewa uwanja wa ndege tunahitaji kumwambia asipande meli. Anayetoka kisiwani apange kufika mjini jioni ya kuamkia miadi, asitegemee chombo cha asubuhi ile ile, ziwa likichafuka hakiondoki. Aliyeshindwa kuja apige simu mapema, nafasi yake apewe mwingine kabla dawa haijaisha. Watu wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 foleni ya kivuko haipo tena, hapo mmepata nafuu kubwa.

Mwisho nawageukia viongozi wa halmashauri mlioketi hapa mbele. Hospitali ya Bugando iko kwenye kilima kile, imehudumia Kanda hii tangu 1971, na tiba ya mionzi ipo. Anayetoka Ukerewe hashindwi na mashine. Anashindwa na wiki 8 za kulala mjini. Anaanza, fedha ya chakula inaisha wiki ya 3, anarudi nyumbani, na mionzi aliyokwisha kupata inapotea bure. Tafuteni nyumba, hata ya vyumba kumi, karibu na hospitali, yenye jiko na choo safi, wagonjwa wa wilaya zenu wakae humo hadi wamalize. Wekeni fungu lake kwenye bajeti ijayo. Mkiniita kwenye kikao cha kamati ya afya niwaeleze hesabu za siku na gharama, nitakuja.